Kopo la Udongo Mlangoni kwa Ayi Liang

Swalha binti Msabaha alikulia Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo mbwa akipita uani alifukuzwa kwa ufagio na pale alipokanyaga pakamwagiwa maji. Kwa hiyo alipohamia Guangzhou na mumewe Murshid, wakapanga chumba na sebule ghorofa ya tano nyuma ya maduka ya jumla ya Guangyuan Xilu, halafu asubuhi ya kwanza akasikia mlango wa pili kitu kinakoroma kama mzee mwenye pumu, alidhani jirani yao anauguza mtu.

"Mbwa hao," Murshid akamwambia, huku anafunga kamba za viatu aende kukagua marobota yake ya fulana. "Tena si mmoja. Usimwache mtoto asogee kule."

Mtoto ni Zainabu, wakati huo ana miaka miwili na miezi. Umri huo, ukimwambia mtoto asisogee mahali, umeshamwonyesha njia. Haikupita wiki. Swalha aligeuka kuteremsha sufuria ya uji, kuangalia nyuma mlango uko wazi. Akatoka mbio na mwiko mkononi. Akamkuta binti yake amekaa kitako sakafuni kwa jirani, na mbwa mdogo wa manyoya mengi, uso umebonyea kama umegongwa na mlango, anamlamba vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anahesabu.

Swalha alipiga ukelele uliotikisa ngazi zote. Akamkwapua mtoto. Sasa, watu wa kwao wanajua: mate ya mbwa huoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Magomeni udongo umejaa kila mahali. Ghorofa ya tano Guangzhou, udongo uko wapi? Akaangaza macho, akaona chungu cha ua la jirani pale kibarazani. Akachota gao la udongo bila kuomba, akaenda kwenye karo la pamoja, akausugua mkono wa mtoto na kuumwagia maji, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka saba. Zainabu analia, yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Mwenye mbwa alisimama mlangoni akitazama. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, nywele fupi za mvi, miwani imefungwa kamba. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Swalha alikuja kufahamu baadaye kwamba alikuwa anahesabu.

Kesho yake, Swalha alipofungua mlango, akakuta pembeni mwa mlango wa jirani kopo la maziwa ya unga limejaa udongo. Udongo umechekechwa, hauna hata kijiwe. Juu yake kijiko.

Hivyo ndivyo alivyomjua Ayi Liang. Ayi ni kama sisi tunavyosema shangazi, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mjane, fundi mstaafu wa kiwanda cha mashati. Mwanawe alikuwa kazini Shenzhen. Jina la Swalha lilimshinda, akamwita Sha. Swalha naye Kichina chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, rangi nyingine ipo, mei you, yaani hakuna. Lakini mabibi wawili wenye mtoto mmoja katikati hawakosi la kuzungumza.

Mbwa wa Ayi Liang walikuwa wa aina moja tu, wale wadogo wa pua bapa wanaowaita jingba. Miaka michache nyuma kila mtu mjini alimtaka jingba, awekwe utepe kichwani, apakatwe. Kisha kibali cha kufuga kikawa kigumu kupata, wengine wakachoka, wengine wakahama nyumba, na mbwa wakaanza kuonekana kwenye maboksi karibu na stesheni ya treni ya Liuhua, katikati ya wabeba mizigo na wasafiri. Ayi Liang na wenzake wawili walikuwa wanawaokota. Watatu tu, hawana ofisi, hawana bango. Wana daftari. Kila mbwa ana ukurasa wake: alipookotwa, jicho lipi bovu, anapenda nini, anaogopa nini. Mtu akitaka kumchukua mbwa, wanakwenda kwanza kwake, wanatazama madirisha, wanaangalia kama feni inafanya kazi, wanauliza saa sita mchana nani anakuwepo nyumbani. Asiyejibu vizuri, mei you.

Kidogo kidogo Swalha akawa anamsaidia. Anamshika mbwa kichwa, Ayi anasafisha macho kwa maji ya chumvi, maana macho ya jingba yametokeza nje na hukwaruzwa na kitu kidogo. Kazi ni ya majimaji, hivyo ikiisha Swalha anakwenda karoni na kopo lake. Ayi anasimama naye. "Yi," anasema, anamimina. "Er. San." Zainabu katikati yao anadakia. Mtoto yule alijua kuhesabu mpaka saba kwa Kichina kabla hajajua kusema tatu kwa Kiswahili. Akifika "qi!" anapiga makofi, na wale mama wawili wanacheka kama wasichana.

"Tumekuja huku kupeleka mizigo Kariakoo," Murshid akasema siku moja, "mke wangu kawa mganga wa mbwa. Nitawaambia nini nyumbani?"

"Waambie nimepata mwalimu," Swalha akajibu.

Na kweli alikuwa anafundishwa. Kubwa kuliko yote alilofundishwa lilikuwa hili: mbwa mwenye pua bapa hahimili joto. Mbwa mwingine huhema akapoa. Huyu akihema anazidi kujinyonga. Siku ya jua usimfungie, usimbane na wenzake, na akisafirishwa mahali, hata karibu, mviringishie kitambaa kilicholowa maji tumboni na miguuni, na kikikauka ukiloweshe tena. Ayi alikuwa na taulo la buluu la kazi hiyo, limechakaa katikati.

Miongoni mwa mbwa wale kulikuwa na jike mmoja mzee, jicho moja halioni, anaitwa Douzi. Ndiye aliyemlamba Zainabu siku ile. Hakuna aliyemtaka, na Ayi hakuwa amemtafutia mtu. Mlango ukifunguliwa Douzi alikuja kwa kugongagonga ukuta, akafika, akauweka mguu mmoja juu ya kandambili ya Swalha, akatulia. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa Moshi, Elinami, aliyekuwa anasomea udaktari kwa ufadhili. Jumapili akitoka ibadani alikuja kwa Swalha kula pilau, na kila mara alikuja na habari za wanyama. Elinami alikuwa anajitolea kwenye jumuiya kubwa ya kuokoa wanyama. Hiyo ilikuwa na ofisi, kalenda ya picha za rangi, wafadhili wa nje, vijana wa fulana za kijani, na eneo pana lenye uzio nje ya mji, upande wa Huadu.

"Dada Swalha, mimi namheshimu huyu mama," alisema Jumapili moja, Ayi akiwa pale pale na bakuli lake la pilau. "Lakini wanawake watatu, aina moja ya mbwa! Huyo mwenye masikio marefu naye afe? Huko si kuokoa, huko ni kuchagua. Sisi mwezi uliopita tumechukua wanyama tisini. Paka, mbwa, hata kobe."

"Kobe naye mmemwokoa na nini?" Murshid akauliza.

"Na supu, shemeji."

Wakacheka. Ayi akataka kujua wanacheka nini, na Elinami, ambaye Kichina chake kilikuwa cha darasani, akamfasiria yote bila kuficha. Ayi akatafuna, akameza.

"Mimi ni fundi wa mashati," akasema. "Suruali sijui kukata. Nikiikata nitaharibu kitambaa cha mtu."

"Sisi tunashona vyote, Ayi."

"Najua. Kiwandani pia tulishona vyote. Shati elfu kwa siku, kola zote sawa. Watu wakavaa, hawakutembea uchi, ni kazi nzuri. Lakini mwenye shingo fupi alikuja kwangu nyumbani."

Elinami akacheka, akamwongezea nyama. Walikuwa wanapendana, wale.

Ukaja mwezi wa sita, mwaka ule wa Kombe la Dunia la Ufaransa. Joto la Guangzhou mwezi wa sita halina adabu. Ayi Liang akaugua mawe kwenye nyongo, na mwanawe akaja kumchukua akapasuliwe Shenzhen. Mbwa wakagawanywa kwa wale wenzake wawili. Douzi akabaki, kwa kuwa mmoja wao, Ayi Kuang wa Foshan, aliyekuwa amchukue, nyumba yake ilikuwa imejaa mpaka Ijumaa.

Jumanne Ayi Liang akambishia Swalha hodi, mkono mmoja umeshika ubavu. Akamkabidhi ufunguo.

"Douzi atakaa kwangu, asiingie kwako. Mpe chakula, mfungulie feni. Jumamosi asubuhi Kuang anakuja. Kuang tu, Sha."

"Kuang tu," Swalha akasema.

"Na akitoka nje, taulo."

"Taulo, lilowe. Nimejua, Ayi. Nenda ukapone."

Jumatano ikapita salama. Alhamisi likabandikwa tangazo chini ya ngazi: mbwa wasio na kibali wataondolewa. Adhuhuri watu wa ukaguzi wakaingia jengo la jirani, Swalha akiwaona dirishani wakitoka na vizimba. Murshid aliporudi na kusikia, alikaa kitandani na kofia yake mkononi.

"Mama Zai, sikutishi. Lakini sisi hapa tunaishi kwa kugongewa mhuri kwenye pasi. Wakimkuta mbwa, na ufunguo uko mkononi mwako, utawaambia nini? Kwa Kichina kipi? Mei you?"

Swalha alikwenda kwenye simu ya dukani chini, akampigia Elinami bwenini kwao.

"Dada, kwa nini unateseka?" Elinami akasema. "Kesho gari letu linapita upande wa kwenu. Lina kiyoyozi, lina daktari. Unapewa karatasi yenye mhuri, hakuna wa kukugusa. Huyo Kuang akija Jumamosi atamfuata kule kule."

Mhuri, kiyoyozi, daktari. Swalha aliyashika yale maneno matatu akapanda nayo ngazi. Usiku hakulala vizuri, ila alijiambia watu wakubwa wana vyombo vikubwa.

Ijumaa wakaamka maji yamekatwa, mabomba yanatengenezwa. Swalha alikuwa na ndoo moja aliyokinga jana yake. Akapikia uji, akamtawaza mtoto, akaosha vyombo viwili. Gari lilisemwa saa nne. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Akatawadha kwa kikombe, akavaa gauni lake safi la kuswalia, na ndoo ikabaki nusu. Saa saba kasoro ndipo aliposikia honi.

Halikuwa gari la kiyoyozi. Lilikuwa lori dogo la turubai, na ndani vizimba vimepangwa juu ya vizimba, mbwa wanabweka kwa pamoja. Elinami hakuwemo, alikuwa na mtihani. Walipanda ngazi vijana wawili wa fulana za kijani, mvulana na msichana, wamelowa jasho, wapole, wamechoka. Msichana alikuwa na fomu.

"Jina lako? Chumba? Mbwa ana ugonjwa?"

"Ni jingba," Swalha akasema. "Mzee. Jingba."

Msichana akatazama fomu. Hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo. Akaandika: mbwa mdogo. Akampa Swalha karatasi yenye mhuri, akamfunga Douzi utepe wa namba kumi na mbili.

Swalha alikuwa ameshika taulo la buluu. Hapo ndipo palipokuwa na dakika yake, na aliijua kuwa ni dakika. Ndoo iko nyuma yake, hatua sita. Akilowesha taulo na kumviringisha Douzi, mikono italowa kwa manyoya, gauni litalowa, na itambidi aoshe mara saba, mikono na gauni. Nusu ndoo itakwisha. Adhuhuri imeingia, mtoto hajaoga, na maji hakuna ajuaye yatarudi lini. Tena aliona haya. Hawa wana mihuri, wana daktari. Yeye ni mgeni wa darasa la saba mwenye Kichina cha fulana. Amwambie nani habari za taulo? Gari likienda, upepo utaingia.

Akalikunja taulo vizuri, likiwa kavu, akalitandika ndani ya kizimba. Akambeba Douzi kwa ncha za vidole, kavu kwa kavu ili najisi isimshike, akamweka juu yake. Douzi akautafuta mguu wa Swalha kwa mguu wake, akagonga wavu.

"Kwaheri, Doudou," Zainabu akapunga.

Aliswali. Saa tisa bomba la karo likakohoa, likatema kutu, maji yakaja kwa nguvu. Swalha akasimama kibarazani akaitazama ndoo. Bado nusu. Hakuna aliyeigusa. Alikuwa na miaka minane alipofundishwa kwenye chuo cha Kurani kisa cha yule aliyeteremka kisimani kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Alikijua kwa moyo. Alikuwa amemsimulia hata Zainabu.

Jioni Elinami akaja. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni na fulana yake ya kijani ameishika mkononi.

"Wamefika kumi na mmoja," akasema.

Lori lilikwama njia ya Huadu, magari mawili yamegongana mbele, foleni haisogei, jua juu ya turubai. Saa mbili nzima. Mbwa wote walihema, wote walipiga kelele. Namba kumi na mbili alihema kwa sauti zaidi, wakadhani ni hofu. Kisha akanyamaza, wakadhani amezoea.

"Gari la kiyoyozi lilikwenda uwanja wa ndege kupokea wafadhili. Sikujua, dada. Naapa sikujua. Yule msichana analia mpaka sasa." Elinami akajifuta uso kwa fulana. "Lakini kumi na mmoja wamepona. Wangechukuliwa wote wiki hii, wote. Ni kumi na mmoja, dada Swalha."

"Najua, mdogo wangu," Swalha akasema. "Lakini mimi nilikuwa na mmoja."

Jumamosi, saa tatu juu ya alama, Ayi Kuang akafika. Alikuwa amebadilisha mabasi mawili kutoka Foshan. Alibeba kikapu cha mwanzi, ndani yake taulo limelowa, barafu kwenye mfuko, na kifeni kidogo cha betri. Swalha akampa ile karatasi yenye mhuri, akamweleza kwa maneno yote aliyonayo, nayo yalikuwa machache. Kuang akasoma. Akasoma tena. Halafu akaenda karoni, akaimwaga barafu, akasimama akiitazama mpaka ikayeyuka, akachukua kikapu chake akaondoka.

Ayi Liang alirudi baada ya siku kumi, amekonda, anapanda ngazi mojamoja. Swalha alimpikia uji mwepesi, akaupeleka. Ayi akaula. Daftari lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa ukurasa wa Douzi.

"Kuang kaniambia kuhusu lori," akasema. "Joto. Foleni. Sha, taulo ulililowesha?"

Hapakuwa na shahidi. Taulo lenyewe halikurudi. Angesema ndiyo, jambo lingekwisha, lawama yote ingebaki kwa lori. Swalha alitazama uso ule wenye miwani ya kamba, na ulimi ukagoma kudanganya.

"Maji yalikatwa, Ayi. Nilikuwa na nusu ndoo."

"Ulililowesha?"

"Hapana."

Ayi Liang akangoja. Alitaka kuelewa, wala hakutaka kugomba, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Swalha alitafuta neno la twahara, neno la najisi, neno la gauni la kuswalia. Sokoni hayauzwi. Mwisho akanyoosha kidole mlangoni, kwenye kopo la udongo na kijiko chake.

Ayi akaligeukia kopo. Swalha akaona uso wake unaelewa, polepole, kama mtu anayesoma barua kwa miwani isiyo yake.

"Lakini nilikuwekea udongo," Ayi Liang akasema.

Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja chini ya ukurasa, akakaa ameshika kalamu. Swalha akaokota bakuli akatoka.

Asubuhi, kama kawaida, Zainabu ndiye aliyetangulia kibarazani. Swalha akamfuata akamkuta amechuchumaa pembeni mwa mlango wa jirani. Kopo halikuwepo. Sakafuni imebaki duara, ndani yake kweupe, nje yake vumbi. Nyuma ya mlango kulisikika mkoromo mwembamba, mgeni. Ayi alikuwa amepata mwingine, na alikuwa anamsafisha macho peke yake.

Mtoto akanyoosha mikono miwili, viganja juu, akingojea maji.

"Yi," akasema. "Er. San."

Alihesabu mpaka saba, akautazama mlango. Haukufunguliwa. Swalha akachuchumaa nyuma yake, akamkumbatia, na mtoto akaanza tena, moja.